Mama Yangu Alikuwa Mweusi Kuliko Hivi

Binti alifungua kanga niliyoifunikia picha, akaitazama kimya kwa muda, kisha akasema kwa upole: “Fundi, umejitahidi kweli. Pua ni yake, mdomo ni wake. Lakini huyu si mama. Mama yangu alikuwa mweusi kuliko hivi.”

Akatoa pesa iliyobaki, akaihesabu juu ya meza yangu, wala hakupunguza hata shilingi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mteja akigomba, unapata pa kujitetea. Huyu alikuja na huzuni yake na alikuwa anaondoka nayo. Nikamwomba achukue pesa yake, aniachie picha, na anipe miezi miwili nichore upya. Baada ya kunitazama kidogo, akakubali.

Usiku ule niliiegemeza picha ukutani nikaipima tena. Nilikuwa nimeichora kwa njia ya miraba: juu ya picha ndogo ya studio aliyoniletea nilipiga mistari ya nusu sentimita, kwenye kanvasi nikapiga ya sentimita tano, nikahamisha kila kitu mraba kwa mraba. Macho yalikuwa mahali pake, katikati ya utosi na kidevu. Upana wa pua ulikuwa sawa. Hata kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto lilikuwepo. Vipimo havikuwa na kosa, na bado mwanamke aliyenitazama kutoka kwenye kanvasi alikuwa mtu mwingine, labda ndugu wa yule marehemu, labda jirani.

Nilianza kazi hii kwa kuchora mabango ya saluni za kiume. Watu wa Dar es Salaam wanayajua: vichwa vitatu vinne kwenye bati, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Bango linataka rangi bapa na ukingo mkali, mtu akiwa ndani ya daladala aone na kuelewa kabla gari halijapita. Nilijivunia kazi ile na bado naijivunia. Mji huu una historia yake ya rangi bapa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na alipofariki mwaka 1972 alikwishaacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Chui wa Tingatinga hahitaji kivuli shavuni. Uhai wake uko kwenye mstari, kwenye madoa na kwenye rangi inayopiga kelele.

Lakini uso wa marehemu unaotakiwa kutambuliwa na mwanawe ni kazi nyingine, nami nilikuwa nimeuchora kama bango. Nilijaza kahawia moja ya wastani uso mzima, nikaweka kahawia nyeusi kidogo chini ya kidevu, nikapiga weupe kwenye macho, meno na ncha ya pua. Kwa lugha ya wachoraji, sikuwa na toni. Toni ni jinsi rangi ilivyo na giza au mwanga, ukiacha kama ni nyekundu, bluu au kijani. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa na toni moja kabisa. Zipige picha isiyo na rangi, hutazitofautisha.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo lazima niliseme wazi kwa sababu naliona kwa mafundi wenzangu pia. Niliogopa weusi. Kwa miaka mingi wateja walinizoesha. “Fundi, usimfanye mweusi sana.” “Mng'arishe kidogo, ni harusi.” Mara nyingine wanasema mbele ya mhusika mwenyewe, na yeye anacheka. Nikawa nang'arisha kabla sijaombwa. Yule binti ndiye wa kwanza kunidai weusi wa mama yake, kwa sababu weusi ule ulikuwa sehemu ya sura anayoikumbuka. Nilipoupunguza nilimpunguza mama.

Basi nikaanza kujifunza upya, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa ubao wa drafti.

Kijiweni kwetu wazee wanacheza drafti kwa visoda chini ya mwembe. Ubao ule niliupaka mimi, miraba myeusi na myeupe. Asubuhi moja, mnamo saa nne, kivuli cha shina kilikuwa kimeukata ubao nusu kwa nusu. Nilikuwa na kipande cha karatasi ya manila nilichokitoboa matundu mawili, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba ukitazama rangi kupitia tundu dogo unaiona peke yake, bila majirani zake kukudanganya. Nikakinyoosha mbele ya uso, nikalenga tundu moja kwenye mraba mweupe ulio kivulini na jingine kwenye mraba mweusi uliopauka juani. Nikaona vijivu viwili vilivyokaribiana mno, ukiniuliza kipi ni kipi ningesita. Nikaondoa karatasi: cheupe ni cheupe, cheusi ni cheusi. Nikairudisha: vijivu viwili. Wazee wakaacha mchezo kuniuliza natafuta nini, na kila mmoja akajaribu. Mmoja alirudia mara nne.

Baadaye nilijua kwamba jambo hili limechorwa na mtaalamu wa macho na ubongo, Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1995. Picha yake ina ubao kama huohuo wa miraba na silinda inayotupa kivuli juu yake. Mraba mmoja ulio nje ya kivuli na mwingine ulio ndani ni kijivu kilekile hasa, lakini hakuna jicho linalokubali mpaka uzibe miraba ya jirani. Akili haitaki kujua ni mwanga kiasi gani unaingia jichoni. Inataka kujua kitu chenyewe ni cheupe au cheusi, basi inakitoa kivuli bila kukuuliza. Kwa mtu anayetembea njiani huo ni msaada mkubwa. Kwa mchoraji ndiyo kazi yote ya kupigana nayo, maana yeye lazima apake kile kinachoingia jichoni.

Nilirudi chumbani na karatasi yangu ya matundu, nikamwomba mpwa wangu akae karibu na dirisha. Nikalinganisha weupe wa jicho lake na paji la uso. Weupe wa jicho ulikuwa na giza kuliko paji! Mtoto ni mweusi, paji lake ni jeusi, lakini mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu yake, na jicho lilikuwa ndani ya shimo lake, chini ya kivuli cha kope. Nikageuka kuitazama ile picha ya marehemu ukutani. Macho yake nilikuwa nimeyapaka nyeupe safi iliyotoka kwenye tyubu. Ndiyo maana alionekana kama mtu aliyeshtuliwa. Mama wa watu, ambaye binti yake alinieleza kuwa alikuwa mtulivu, nilimpa macho ya mtu aliyeona nyoka.

Tangu siku hiyo sijapaka jicho wala jino kwa nyeupe safi. Nachanganya kijivu chenye kahawia, nakilinganisha na shavu, na karibu kila mara nalazimika kukitia giza tena.

Wakati huo niliweka rangi pembeni kabisa. Nilitaka kuchora kwa mkaa mtupu, ila mkaa wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi na weusi wake hauko sawa. Wachoraji tangu zamani hutumia mkaa wa matawi ya mzabibu, na sisi zabibu tunazo, Dodoma. Jamaa yangu mmoja anayekwenda huko kwa biashara akaniletea mfuko wa matawi yaliyopogolewa. Niliyakata kwa urefu wa kidole, nikayamenya maganda, nikayashindilia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunika na kutoboa tundu dogo kwenye kifuniko, kisha nikaliweka katikati ya moto. Moshi hutoka tunduni kwa kasi, halafu hupungua. Ukiisha, unatoa kopo na kuliacha lipoe mpaka kesho yake. Ukifungua likiwa la moto, hewa inaingia na matawi yote yanawaka na kubaki majivu. Kopo la kwanza lilinipotea hivyo. La pili lilitoa vijiti vyeusi, laini, vinavyofutika kwa kidole. Mpaka leo natumia vya hivyo.

Kwa mkaa ule nilichora ngazi ya hatua tisa kutoka nyeupe ya karatasi hadi nyeusi kabisa. Inaonekana kazi ya mtoto. Ilinichukua siku tatu. Hatua za upande wa mwanga zilikuja kwa urahisi, ila za upande wa giza zilinishinda: ya sita, ya saba na ya nane zote zilikuwa kitu kimoja. Nikaelewa kwamba jicho langu halikuwahi kufundishwa kutofautisha giza na giza. Na uso wa Mwafrika mweusi, ukiwa kivulini, hukaa karibu wote ndani ya hatua hizo tatu. Pale ndipo yule mama alipotea.

Baada ya ngazi nilijipa zoezi la toni tano tu, na la toni tatu. Unafinya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Vitu vidogo vinapotea, unabaki na mabaka makubwa: baka la mwanga, baka la kati, baka la giza. Unachora mabaka hayo kwanza, bila pua, bila mdomo, bila nyusi. Nilichora watu wa mtaani hivyo kwa wiki nyingi, kila mmoja dakika kumi. Jambo lililonishangaza ni kwamba majirani walianza kutambuana kwenye karatasi ambazo hazikuwa na jicho hata moja. “Huyu si baba fulani wa dukani?” Ndiye. Nilikuwa nimeweka tu giza la tundu za macho, upana wa baka chini ya shavu na jinsi kichwa kilivyoinama. Fikiria mwenyewe: unamtambua mama yako akiwa mwisho wa barabara, kabla hujaona hata kope yake moja. Kule mbali anafika kwako kama mabaka ya giza na mwanga, na unajua ni yeye.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye suala la ngozi nyeusi, maana mafunzo mengi niliyoyakuta yalitungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na yalinisaidia nusu tu.

Mafunzo hayo husema: tafuta umbo la kivuli. Kwenye uso mweupe kivuli cha pua juu ya shavu kinaonekana kama doa la wino. Kwenye uso mweusi sana kivuli na sehemu iliyo mwangani havitofautiani kwa kiasi hicho. Kinachobeba umbo ni mng'ao. Sababu yake inaeleweka. Ngozi ya mtu yeyote, nyeusi au nyeupe, hurudisha papo hapo sehemu ndogo ya mwanga unaoigonga, kama asilimia 4 au 5, kabla haujaingia ndani. Mwanga unaobaki huingia ndani ya ngozi, na humo ndimo weusi hunywa kiasi kikubwa. Basi kwenye ngozi nyeupe ule mng'ao wa juu unazama katikati ya mwanga mwingi unaotoka ndani; kwenye ngozi nyeusi unabaki peke yake na kung'ara. Na kwa kuwa ni mwanga wenyewe uliorudi, unakuja na rangi ya mahali ulikotoka. Mtazame mtu mweusi aliyesimama nje asubuhi: paji lake la uso lina bluu ya anga. Mpeleke jikoni jioni, karibu na taa ya manjano, shavu lake linakuwa la shaba.

Kwa hiyo kwenye uso mweusi mimi sasa nachora umbo la mng'ao kwa uangalifu uleule ambao wengine huchora umbo la kivuli. Mng'ao wa paji una kingo. Upande mmoja unakatika ghafla, upande mwingine unayeyuka. Kwenye shavu la mtu mwenye mfupa wa juu unakuwa mwembamba na umeinama. Kwa mwenye shavu la mviringo unakuwa doa pana. Sura nyingi naipatia hapo. Zamani nilikuwa naupachika mwishoni kama pambo, doti mbili za nyeupe, puani na mdomoni.

Na weusi wenyewe hautoki kwenye tyubu ya nyeusi peke yake. Bluu ya altramarini ikichanganywa na kahawia ya udongo iliyochomwa inatoa giza zito sana, ambalo unaweza kulielekeza kwenye joto au ubaridi kwa kuongeza moja kati ya hizo mbili. Lakini pia nilijifunza kutoidharau nyeusi. Kerry James Marshall, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1955, huchora watu weusi tii kwa kutumia nyeusi za aina tofauti, ya pembe, ya mkaa na ya chuma, na nyuso zake zina umbo na utu kamili. Nilizitazama picha zake kwenye simu usiku kucha. Hakuna mtu aliyemwambia amng'arishe mtu, au kama yupo, hakumsikiliza.

Turudi kwa yule mama. Kizuizi kikubwa kilikuwa picha yenyewe. Ilikuwa ya rangi, ya zamani, ya studio. Marehemu alikuwa amevaa ushungi mweupe, na pale ushungi ulipotoka vizuri, uso ulikuwa umezama: macho yanaonekana, meno yanaonekana, mengine yote ni baka moja la kahawia nyeusi. Familia nyingi zina picha za aina hii kwenye albamu. Mtu huzitazama akasema marehemu alikuwa mweusi sana, lakini si weusi wake tu. Filamu za rangi za miaka ile na mashine za kusafishia zilirekebishwa kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa kwa jina la Shirley. Akitoka vizuri yeye, filamu ilihesabiwa kuwa sawa. Ongeza ushungi mweupe unaoifanya kamera ipunguze mwanga, na uso mweusi unamezwa. Mimi nilikuwa nimejaza baka lile kwa kubahatisha, tena kwa kubahatisha kuelekea kwenye weupe.

Nikampigia binti simu, nikamuuliza kama kuna ndugu wa damu anayefanana na marehemu. Akasema yupo mama mdogo, Mbagala, kila mtu anasema ni pacha wake ingawa wamepishana miaka sita. Nikaomba nimwone.

Alikuja na mjukuu wake. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba simchori yeye. Nataka kuona mwanga unavyokaa kwenye uso wa ukoo wao. Akasema, “Basi nitazame, mwanangu, mimi nimekaa.” Akakaa saa mbili bila kulalamika.

Kabla hajaja nilikuwa nimehangaika na dirisha. Maelekezo ya Ulaya yanasema chumba cha kuchorea kiwe na dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua haliingii upande huo na mwanga unakuwa ule ule kutwa nzima. Nililifuata hilo mwaka mzima na kila mchana wa Juni na Julai jua lilikuwa linamwagika kwenye kanvasi. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita kaskazini mwetu sehemu kubwa ya mwaka, kisha kuanzia kama katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Kwa hiyo mimi nina madirisha mawili na nahama: miezi ya katikati ya mwaka natumia la kusini, na karibu na Krismasi natumia la kaskazini. Lile lisilotumika nalifunika kwa blanketi zito, kwani mwanga wa pande mbili unaua toni. Kila kivuli kinajazwa na dirisha la pili. Na simweki mtu nje saa sita kamwe. Jua likiwa utosini, macho yote mawili yanakuwa mashimo.

Mama mdogo alikaa ubavuni mwa dirisha, mwanga ukimjia kutoka kushoto na juu kidogo, kama kwenye ile picha ya studio. Baada ya kama robo saa nikaona kitu ambacho kwenye picha kilikuwa kimezama kabisa: paji lao la uso lina mabonde mawili madogo juu ya nyusi, na mng'ao unakatika pale, unaanza upya. Chini ya mfupa wa shavu hakuna shimo kama nililolichora mimi. Kuna mteremko mrefu laini mpaka taya. Nilikuwa nimempa marehemu mashavu ya mtu mwembamba.

Nikapiga picha chache pia, lakini kwa kusimama mbali. Simu ikisogezwa karibu na uso inakuza pua na kurudisha masikio nyuma. Ukisimama hatua mbili tatu nyuma na kuvuta kwa kukuza, uwiano unarudi. Simu ina kosa jingine kwa mchoraji: inajaza vivuli mwanga ili kila kitu kionekane. Kwa hiyo naiamini kwa umbo, siiamini kwa giza. Nikitaka kupima toni naweka kanvasi kando ya mtu, nawapiga wote kwenye picha moja, naiondolea rangi. Ukipiga picha mbili tofauti, simu inajirekebisha kila mara na ulinganisho wako haufai.

Kuchora kwenyewe kulikwenda hivi. Nilipaka kanvasi nzima kahawia nyepesi, nisianze na weupe unaonifanya kila rangi ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Nafikiri hilo peke yake lilikuwa sehemu kubwa ya uoga wangu wa zamani: unaweka tone la kwanza la giza kwenye kanvasi nyeupe, linaonekana kama shimo, unashtuka, unaliongezea nyeupe. Kisha nikachora uso mzima kwa kahawia moja, mabaka matano. Nikaweka giza zito kuliko yote, shingoni chini ya ushungi, na mwanga mkubwa kuliko wote, kwenye pindo la ushungi. Baada ya hapo kila toni nyingine ilikuwa na mahali pa kupimiwa. Paji la uso lenye mng'ao lilikuja kuwa hatua ya tano kwenye ile ngazi yangu ya tisa, ikihesabiwa kutoka nyeupe. Zamani ningelipa ya tatu. Upande wa kivuli ulikuwa wa nane. Nilichanganya vilima vya rangi kwanza kwenye kibao, vyote, nikavipanga kuanzia mwanga hadi giza, ndipo nikagusa kanvasi.

Natumia akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, na yeyote anayeitumia ajue kwamba inakauka ikiwa na giza zaidi. Gundi yake ikiwa mbichi ni kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, na rangi inazama. Asubuhi ya pili shavu la kivuli lilikuwa jeusi kuliko nilivyoliacha. Safari hii sikukimbilia kuling'arisha. Nililipima kwa karatasi ya matundu, nikakuta liko sawa. Paji ndilo lililotaka kusogezwa kidogo.

Mara kwa mara nilikuwa naitazama picha kwenye kioo, na kuigeuza kichwa chini. Kioo kinaonyesha upesi jicho lililopanda. Kugeuza kunasaidia kuona mabaka, ila usikutegemee kwa macho na mdomo. Mwaka 1980 Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, aligeuza macho na mdomo tu juu chini kwenye picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa huko wakati ule, na picha nzima ikiwa kichwa chini watu hawakuona ubaya wowote, ikisimamishwa inatisha. Jicho letu halisomi sura iliyopinduliwa. Mimi niliwahi kuharibu mdomo hivyo hivyo, picha ikiwa imepinduliwa, na sikujua mpaka nilipoisimamisha.

Kitu cha mwisho nilichokifanya kilikuwa kulainisha ukingo wa shavu la kivuli hadi ukapotea ndani ya giza la nyuma. Mkono wa mchora mabango ulikataa. Ukingo ni heshima ya fundi wa mabango. Nilipitisha brashi kavu mara tatu, shavu likayeyuka, na ghafla kichwa kikageuka ndani ya kanvasi, kikawa na nyuma.

Binti alikuja na mama mdogo. Nilifungua picha mwenyewe. Hakusema neno. Mama mdogo ndiye aliyesogea, akainua mkono karibu na paji la uso lililochorwa bila kuligusa, akasema jina la dada yake. Nikatoka nje nikawaacha.

Sasa hivi kwenye stendi yangu ya kuchorea kuna mzee wa kofia nyeupe na ndevu nyeupe, uso mweusi, amekaa barazani kwake kivulini. Vitu viwili vyeupe, na vyote havina ruhusa ya kuwa vyeupe. Kofia nimeipata jana, kijivu chenye bluu kidogo, hatua ya nne. Ndevu bado zinang'aa kuliko inavyopaswa, zinauvuta uso wote chini. Mzee atarudi kesho saa mbili asubuhi, nitazishusha kabla jua halijazunguka.